Maziwa ni ya mbuzi, lakini sabuni ni ya mafuta

Kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya Kibosho, Machame na Marangu, mlimani Kilimanjaro, mbuzi wa maziwa hufungiwa bandani na kukatiwa majani, na maziwa yake ni ya watoto kwanza. Yanayobaki ndiyo yanayoingia kwenye ndoo ya sabuni. Wengi wanaoianza kazi hii huamini kwamba ubora wote utatoka kwenye maziwa hayo. Sivyo. Maziwa ya mbuzi yana mafuta ya asilimia 3 au 4 tu, na sehemu kubwa inayobaki ni maji. Mche wa sabuni kuwa mgumu au kuyeyuka kwenye kisahani, kutoa povu au kukausha ngozi, hayo huamuliwa na mafuta uliyochanganya.

Mafuta ya nazi ndiyo yanayopendwa zaidi, na ndiyo yanayoponza wengi. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo hutoa povu jingi hata kwenye maji magumu na kuufanya mche uwe mgumu haraka. Asidi hiyohiyo huondoa uchafu pamoja na mafuta ya asili ya ngozi. Mwezi Julai, baridi ya mlimani inapopausha miguu ya watoto wa shule, sabuni iliyojaa nazi huwaongezea adha. Kwa sabuni ya kuogea, nazi isizidi asilimia 30.

Alizeti kutoka Singida na Dodoma inapatikana kila duka, kwa hiyo kishawishi cha kuijaza ni kikubwa. Ina asidi nyingi ya linoleiki, ambayo huchacha upesi: sabuni hubaki laini, kisha baada ya miezi michache hutokwa na madoa ya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta ya zamani. Itumie, lakini kidogo.

Mapishi mengi ya kigeni hudai mafuta ya zeituni, nayo mjini Moshi ni bidhaa ya bei kali. Sioni sababu ya kuyahangaikia wakati mlima huu umejaa maparachichi. Wilayani Siha kampuni ya Africado husafirisha maparachichi aina ya Hass kwenda nje, na vijiji vingi vina miti ya kienyeji ambayo matunda yake huoza chini. Mafuta ya parachichi yana asidi nyingi ya oleiki, kama zeituni, na hufanya sabuni ya upole isiyobana ngozi. Wanaoshughulika na usindikaji mkoani Kilimanjaro wangewekeza kwenye mashine za kukamua matunda yanayokataliwa sokoni, watengeneza sabuni wangepata malighafi mlangoni kwao.

Ugumu wa mche utaupata kwenye mawese ya Kigoma, ukikubali rangi yake ya machungwa, au kwenye mafuta ya ng'ombe kutoka buchani, yakiyeyushwa na kuchujwa vizuri. Mafuta ya nguruwe nayo hufaa, ila mnunuzi ana haki ya kuambiwa, kwa hiyo yaandike kwenye karatasi ya kufungia. Mafuta ya nyonyo hutiwa kidogo tu, kwa ajili ya kulifanya povu lidumu.

Kwa kilo moja ya mafuta, mchanganyiko ninaouamini ni nazi gramu 300, mawese 300, parachichi 200, alizeti 150 na nyonyo 50. Kila mafuta hula kostiki soda kwa kiwango chake: gramu 100 za nazi huhitaji gramu 18.3, mawese 14.1, alizeti 13.5, parachichi 13.3 na nyonyo 12.8. Jumla ni gramu 150 hivi. Punguza asilimia 5, ubaki na gramu 143, ili mafuta kidogo yasigeuzwe sabuni na yabaki kulainisha ngozi. Sasa tuseme nazi imekosekana sokoni, ukaweka alizeti mahali pake bila kugusa kostiki. Gramu 7 hivi za kostiki zitakosa mafuta ya kugeuza sabuni, na sabuni hiyo itachoma. Kikombe hakifai hapa. Nunua mizani ya dijiti.

Maziwa, gramu 290 hivi, yagandishwe kwanza. Kostiki hutoa joto kali, na sukari iliyomo kwenye maziwa huungua, maziwa yakawa ya kahawia na kutoa harufu kali. Nyunyiza kostiki kidogo kidogo juu ya maziwa yaliyoganda, kamwe usimimine maziwa juu ya kostiki. Vaa glavu na miwani, fanyia kazi mahali penye hewa, na watoto wawe mbali. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na kostiki huila aluminiamu huku ikitoa gesi inayowaka, hivyo tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu.

Kumbuka pia kwamba nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Asubuhi ya Marangu utaikuta imekuwa jiwe. Iyeyushe yote kabla ya kupima. Maziwa yenye kostiki yakishakorogwa na mafuta na sabuni ikaganda, miche ikatwe na ipangwe penye hewa kwa wiki 4 hadi 6, na msimu wa masika iongezewe muda kwa sababu unyevu huchelewesha kukauka.

Ukitaka kuuza, anzia SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo tangu 1973, kisha uende TBS, shirika la viwango, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia vipodozi. Na kila utakapobadilisha mafuta, hata gramu 50, piga hesabu ya kostiki upya.