Tovuti ya biashara: Ununue iliyo tayari ama ushonewe yako?

UMEUZA keki kupitia WhatsApp na Instagram kwa mwaka mzima. Sasa wateja wanauliza, “Mko na tovuti?” Unampigia jamaa anayetengeneza tovuti naye anakuuliza: unataka templeti ama nikuundie kutoka mwanzo? Anapotaja bei ya hiyo ya pili, unakaa chini.

Fikiria nguo. Templeti ni lile shati unalochagua Gikomba. Limeshashonwa, fundi anapunguza mikono kidogo, jioni umelivaa. Tovuti ya kuundiwa ni suti: unapimwa, unangoja, unalipa vizuri.

Kwa biashara changa, mimi nasema chukua templeti. Programu ya WordPress ni ya bure, na ukiiongezea WooCommerce tayari una duka lenye picha, bei na kikapu. Gharama yako inabaki jina la tovuti, mahali pa kuihifadhi na fundi wa kuipanga. Na mtu asikudanganye kwamba lazima uundiwe tovuti mpya ndipo upokee M-Pesa. Kampuni kama Pesapal zina programu ndogo za kuchomeka kwenye WooCommerce zinazofanya kazi hiyo.

Lakini angalia vizuri. Shopify hukutoza ada kila mwezi, uuze usiuze. Wix nayo ni rahisi kupanga, ila huwezi kubeba tovuti yako ukaihamishia kwingine. Siku ukihama, unajenga upya. Tena templeti nyingi zimejaa mapambo ambayo hutawahi kutumia, na yote hayo yanakula bando ya mteja wako aliye ndani ya matatu. Kwa hivyo usiipime kwa laptopu ya fundi penye Wi-Fi. Ifungue kwa simu ya bei ya chini, kwa data yako mwenyewe.

Kuundiwa kuna maana pale kazi yako haiingii kwenye shati la mtu mwingine. Tuseme unakodisha hema na viti. Mteja anataka hema tatu Jumamosi, nawe una saba, nne tayari zimekodishwa. Usafiri unategemea umbali, na lazima alipe nusu kwanza. Ukianza kuchomeka programu kumi ili templeti ifanye hesabu hiyo, moja ikikosa kusasishwa inavuruga zingine, ama inawafungulia wadukuzi mlango. Hapo lipa msanidi programu, lakini muulize mapema: ukisafiri, nani atairekebisha?

Kuna jambo moja linaloumiza vijana wengi zaidi ya bei, nalo halijali umechagua gani. Ni jina la tovuti. Majina ya .co.ke yako chini ya KeNIC, na huuzwa na mawakala walioidhinishwa. Fundi akilisajili kwa jina lake na barua pepe yake, siku mkikosana biashara yako iko mfukoni mwake. Ubandike hiyo anwani kwenye maboksi ya keki miaka miwili, halafu uambiwe ununue upya!

Lisajili mwenyewe, kwa barua pepe yako. Neno la siri la tovuti na nakala ya kazi yote viandikwe kwenye makubaliano kabla hujatuma deposti, na salio ulipe ukishaingia mwenyewe, kwa simu yako, fundi akiwa bado ameketi hapo.