Mazoezi, Imani na Urejeo wa Lugha Baada ya Kiharusi

Afasia ni upotevu wa uwezo wa lugha unaotokana na jeraha la ubongo, hasa kiharusi. Mgonjwa hujua alitakalo, ila neno humponyoka. Akishindwa mara nyingi, huanza kuashiria kwa mkono, na hatimaye hunyamaza. Edward Taub wa Marekani aliieleza hali ya jinsi hii katika mikono iliyopooza: mgonjwa hujizoeza kutoutumia mkono hata uwezo unapoanza kurejea.

Kwa msingi huo, mwaka 2001 Friedemann Pulvermüller na wenzake walichapisha matokeo ya tiba ya mchezo wa kadi. Wachezaji hutenganishwa kwa kizuizi. Anayetaka kadi sharti aiombe kwa maneno. Walifanya mazoezi kwa muda wa saa 3 au zaidi kila siku, kwa siku 10, na lugha yao ikaimarika. Utafiti wa Ujerumani wa 2017, uliohusisha wagonjwa 156, ulionyesha kuwa majuma 3 ya mazoezi makali huboresha mawasiliano hata miezi 6 au zaidi baada ya kiharusi.

Imani, basi, haiutibu ubongo yenyewe. Humrudisha mgonjwa mazoezini. Bandubandu huisha gogo, lakini kwa asiyelitupa shoka. Anayemwambia mgonjwa kwamba amechelewa humpokonya shoka hilo.