Jiko Lipi Litufae Wakati wa Baridi?

Hapa Kanja baridi ya Julai si mchezo, maana Mlima Kenya ni jirani yetu. Kila nyumba yataka jiko la makaa. Lakini lipi?

Mimi napendelea lile la bati lenye udongo uliochomwa ndani. Lilisambaa Kenya miaka ya 1980, wazo lake likitoka Thailand. Udongo huzuia joto lisipotelee ubavuni, kwa hivyo makaa hupungua kwa thuluthi moja hivi, au zaidi, kuliko kwa jiko la bati tupu. Ukiona ufa kwenye udongo, usinunue, hata muuzaji aape!

Ukubwa je? Wengi hudhani jiko kubwa ndilo bora. La hasha! Pima kwa sufuria mnayopikia kila siku. Jiko pana chini ya kisufuria huchoma makaa bure.

Linalonitisha ni hili: ati watu hufunga madirisha wakalala na jiko chumbani! Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na udongo hauizuii. Mtu huumwa kichwa, akasinzia, asiamke tena. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata makaa yakiwa yamefifia chini ya jivu, kwani bado yanaitoa.