Faida ya Kobero, nyumba ya ziwani: kabla ya kununua Bujumbura

GITEGA/MUYINGA. Lori linalotoka Dar es Salaam likishavuka mpaka wa Kobero na kuingia Muyinga, mzigo wake huanza kugawanyika. Saruji, mchele na vitenge hushuka njiani, Muyinga, Ngozi au Gitega. Faida yake, kwa mfanyabiashara aliyefanikiwa, mara nyingi huendelea na safari hadi Bujumbura, na huko hugeuka nyumba.

Mgeni anaweza kushangaa. Gitega ndiyo makao makuu ya kisiasa ya Burundi tangu serikali ilipoamua hivyo mwishoni mwa 2018. Iko katikati ya nchi, ina baridi nzuri ya milimani, na viwanja vyake vingi bado ni rahisi kuliko vya ufukweni. Lakini bandari, mabohari, uwanja wa ndege wa kimataifa na balozi nyingi zimebaki Bujumbura, mji mkuu wa uchumi, takribani kilomita 100 kuteremka milima. Mwenye nyumba Gitega hutegemea zaidi mpangaji mtumishi wa serikali. Mwenye nyumba ya kifahari Kinindo, Kibenga au Kiriri humlenga ofisa wa shirika la kimataifa, na kodi yake huipiga kwa hesabu ya dola.

Hapo kwenye dola ndipo penye sababu kubwa. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, kutoka takribani 2,100 kwa dola moja hadi takribani 2,800. Aliyekuwa na faranga milioni 100 alilala akiwa na dola zipatazo 47,600 kwa bei rasmi, akaamka na 35,700. Bei ya mitaani ilikuwa mbaya zaidi. Kabla jeraha halijapona, Juni mwaka huohuo benki hiyo ikatangaza kuziondoa noti za zamani za 5,000 na 10,000, na kuwapa watu siku 10 kuzirudisha. Kwa wanaofanya biashara ya mpakani kwa fedha taslimu, wengine wakiziweka ndani ya nyumba, siku 10 zilikuwa chache mno. Tofali halibadilishiwi thamani kwa tangazo, na si ajabu wengi wakakimbilia tofali.

Matumaini nayo yapo. Bandari ya Bujumbura imo kwenye mradi wa kuikarabati kwa msaada wa Japani na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Agosti 2025 ulizinduliwa ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati. Madalali, ambao Bujumbura huitwa makomisioneri, hawaachi kuitaja reli hiyo wanapouza kiwanja cha ziwani. Wasichokitaja ni kwamba kutoka Musongati reli imepangwa kwenda Gitega kwanza. Mwenye kuwekeza kwa ajili ya mabohari na mizigo ana sababu ya kuufikiria upya mji wa milimani.

Ziwa lina mpaka wake

Jambo zito kuliko yote ni maji. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kulipunguza, Lukuga, unaotokea upande wa Kalemie nchini Kongo. Mvua zikizidi kwa miaka kadhaa mfululizo, maji hayana haraka ya kuondoka. Ndivyo ilivyokuwa kuanzia 2018. Kufikia Mei 2024 ziwa lilikuwa kwenye mita 777 hivi juu ya usawa wa bahari, kiwango kinachokaribia kile cha 1964 ambacho wazee bado wanakisimulia. Gatumba na Kajaga zilifurika, Rumonge vilevile, na sehemu za Kibenga zilizo karibu na ziwa hazikupona. Baadhi ya nyumba zilizoingiliwa na maji zilikuwa za ghorofa, zenye ukuta mrefu na geti la chuma.

Sheria haikukaa kimya. Kanuni ya Maji ya 2012 inazuia ujenzi ndani ya mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika. Hata hivyo nyumba zimejengwa humo, na serikali imeshaamuru baadhi zibomolewe. Mnunuzi akumbuke pia kwamba ziwa huhama: mita 150 za mwaka wa ukame si mita 150 za Mei 2024. Kuonyeshwa hati hakutoshi. Hati itazamwe kwenye ofisi ya hati za ardhi yenyewe, mauzo yaandikwe mbele ya notari, na umbali kutoka majini upimwe na mpima ardhi aliyeletwa na mnunuzi.

Anayekimbilia milimani naye asilale. Mto Ntahangwa umekuwa ukimega kingo zake na kuvuta nyumba za watu, na mafuriko ya Februari 2014 yaliua makumi ya watu kaskazini mwa jiji, mbali kabisa na ufukwe.

Kuna kosa moja ambalo Watanzania, Wakenya na Waganda wanaoleta bidhaa Burundi hulifanya kwa urahisi. Hudhani Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, linawapa haki ya kununua ardhi popote. Itifaki yake, ibara ya 15, inasema matumizi ya ardhi na majengo yatafuata sheria za kila nchi mwanachama. Kwa hiyo anayetoka nje aulize kwanza sheria ya Burundi inamruhusu nini yeye kama mgeni, na kwa masharti gani, kabla hajatoa hata arubuni. Kununua kwa jina la rafiki au shemeji Mrundi ni njia ya mkato inayozaa kesi. Shemeji akifariki, warithi wake hawatakuwa na habari ya makubaliano ya mdomo.

Aliyepania kununua aende kuitazama nyumba mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, msimu wa mvua unapomalizika na ziwa likiwa karibu na kilele chake. Aangalie ukuta wa nyuma, na wa jirani pia, kama una mstari wa maji chini ya rangi mpya. Kisha awaulize walinzi wa mtaa ni lini mara ya mwisho walivuka barabara hiyo kwa mtumbwi.