Benki Ikikosea, Deni la Kodi Hubaki kwa Mlipakodi

Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani nchini Tanzania hutakiwa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mauzo, manunuzi na kodi anayodaiwa, na kulipa kodi hiyo ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi anayoikata katika mishahara ya wafanyakazi wake huifikisha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) mapema zaidi, kufikia tarehe 7. Fedha hizo hupitia benki zikiambatanishwa na kumbukumbu namba ya malipo, ambayo ndiyo inayoutambulisha mfumo wa serikali ni nani aliyelipa, amelipa kodi gani na kiasi gani.

Katika njia hiyo makosa hutokea kwa namna nyingi. Karani anaweza kukosea tarakimu moja ya namba hiyo, fedha zikakataliwa upande wa pili na kurudi benki bila mteja kuarifiwa. Au maagizo yakapokelewa mchana lakini yakaachwa hadi saa za uhamishaji zikapita. Au akaunti ikazuiwa kimakosa, malipo yakashindikana ilhali salio linatosha. Lililo gumu kuliko yote kuligundua ni pale fedha zinapotolewa katika akaunti ya mteja, naye akaona katika taarifa ya benki kwamba zimekatwa, kumbe zimekwama katika akaunti ya muda ya benki yenyewe na TRA haijapokea hata shilingi moja.

Wafanyabiashara wengi huamini kwamba kosa likishathibitika kuwa la benki, deni la kodi nalo huhamia benki. Sivyo ilivyo. Deni la kodi ni la mlipakodi mbele ya serikali, na benki katika shughuli hiyo ni mjumbe aliyetumwa na mlipakodi. Msimamo wa namna hii hauko Afrika Mashariki pekee: mwaka 1985, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Boyle, msimamizi wa mirathi ambaye wakili wake alisahau tarehe ya kuwasilisha ritani aliiomba Mahakama Kuu ya nchi hiyo imwondolee adhabu, na mahakama ikaamua kwamba kumtegemea wakala hakumwondolei mtu wajibu wa kutimiza tarehe iliyo wazi kisheria.

Athari yake huonekana katika hesabu. Nchini Kenya, kodi iliyocheleweshwa hutozwa adhabu ya asilimia 5 ya kiasi kisicholipwa, pamoja na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, kwa hiyo deni la shilingi 1,000,000 za Kenya lililochelewa kwa siku chache tu hufikia 1,060,000. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 hutoza riba inayolimbikizwa kila mwezi, maana yake riba ya mwezi wa pili hukokotolewa juu ya deni pamoja na riba ya mwezi wa kwanza. Zaidi ya hayo, mwenye deni anaweza kunyimwa hati ya kuthibitisha ulipaji wa kodi, ambayo huhitajika katika kuhuisha leseni ya biashara, na TRA ina uwezo wa kuiagiza benki itoe fedha katika akaunti yake.

Kwa sababu riba haingoji uchunguzi, hatua ya kwanza ni kulipa kodi yenyewe mara moja, hata kabla benki haijakiri kosa, na kuiagiza benki kwa maandishi iyafute malipo ya awali yaliyokwama ili kodi isije ikalipwa mara mbili. Ikiwa fedha zimeshikiliwa na benki na mfanyabiashara hana nyingine, jambo ambalo kwa biashara ndogo ni la kawaida kabisa, anapaswa kuiandikia TRA bila kuchelewa, aeleze hali na kuomba kulipa kwa awamu. Ritani nayo isisubiri malipo: kutowasilisha ritani ni kosa jingine lenye adhabu yake.

Sheria hiyohiyo ya mwaka 2015 humpa Kamishna Mkuu uwezo wa kusamehe riba na adhabu pakiwa na sababu ya msingi. Msamaha huo hautolewi kwa maneno matupu, na uzito wa ombi hutegemea barua ya benki. Barua inayosema tu kwamba kulikuwa na hitilafu ya mfumo haina nguvu. Inayofaa hutaja tarehe na saa ambayo maagizo yalipokelewa, huthibitisha kwamba salio lilitosha wakati huo, hueleza kosa lilikuwa nini na lilirekebishwa lini. Iambatanishwe na nakala ya maagizo yenye mhuri wa benki, taarifa ya akaunti na ushahidi kwamba kodi sasa imelipwa.

Iwapo msamaha utakataliwa au utatolewa nusu, gharama iliyobaki ni haki ya mfanyabiashara kuidai kutoka kwa benki, kwa kuwa ndiyo iliyoisababisha. Malalamiko huanzia benki yenyewe, kwa maandishi, na yasiposhughulikiwa hupelekwa Benki Kuu ya Tanzania, ambayo husimamia ulinzi wa watumiaji wa huduma za fedha. Benki inayomwombea mteja wake msamaha TRA huku ikikataa kumfidia haijatimiza wajibu wake.

Mfanyabiashara asitosheke na ujumbe wa simu unaosema fedha zimekatwa. Alipe siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, na kesho yake ahakikishe katika akaunti yake ya TRA kwamba malipo yamepokelewa, kwa kuwa kosa lililogunduliwa kabla ya tarehe hiyo ya mwisho bado linaweza kurekebishwa bila riba wala adhabu.