UFA UPI UZIBWE? HISABATI YA NYUFA NA MITEREMKO YA MLIMA ELGON

1. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inatoa onyo, lakini haielezi ni ufa upi wa kuogopwa. Katika vijiji vinavyozunguka Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ukuta uliokandikwa udongo huanza kupasuka unapokauka. Nyufa nyingi hubaki zilivyo kwa miaka. Mmoja hurefuka hadi ukuta ukaanguka. Makala haya yanaeleza jinsi hesabu za kompyuta zinavyotumiwa kubashiri ukuaji wa nyufa, na kwa nini suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

2. Ufa hukua lini?

Jibu la msingi lilitolewa na mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith, mwaka 1921, baada ya kuchunguza kioo. Ufa unaporefuka hufungua nyuso mpya, na kazi hiyo hugharimu nishati. Wakati huohuo, hulegeza sehemu iliyokuwa imekazwa, na nishati iliyohifadhiwa humo hutoka. Ufa ukirefuka mara 2, gharama huwa mara 2, ilhali nishati inayotoka huwa mara 4. Kwa hiyo, upo urefu ambao ukishapitwa, ufa huendelea wenyewe hata bila mzigo kuongezwa. Hapo ndipo onyo la wahenga linapopata maana yake ya kihisabati.

Aidha, mkazo hukusanyika kwenye ncha ya ufa. Istilahi hii isichanganywe na mkazo wa silabi katika fonolojia. Hapa ina maana ya nguvu inayobebwa na kila eneo dogo la kitu.

3. Mbinu za kompyuta

Hesabu ya Griffith hufaa maumbo sahili. Ukuta wenye dirisha, au mteremko wenye tabaka za udongo na mawe, hauwezi kuelezwa kwa kanuni moja. Hivyo basi, umbo hugawanywa katika vipande vidogo vilivyoungana kwenye vifundo, na kompyuta hukokotoa jinsi kila kifundo kinavyosogea.

Tatizo ni kwamba mbinu hiyo hudhani vipande vimeshikamana, ilhali ufa ni utengano. Awali, wavu wa vipande ulilazimika kuchorwa upya kila ufa uliposonga. Mwaka 1999, Ted Belytschko na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba ufa unaweza kupita katikati ya kipande bila wavu huo kuchorwa upya, mradi milinganyo yake iruhusu pande mbili za ufa kuachana. Mbinu nyingine haichori ufa kama mstari. Kila nukta hupewa namba kuanzia 0, yaani nzima, hadi 1, yaani iliyopasuka kabisa. Ufa hujitafutia njia yenye gharama ndogo. Hata hivyo, vipande vikiwa vikubwa mno, kompyuta haioni vyema kinachotendeka kwenye ncha, na majibu hupotosha.

4. Kutoka ukutani hadi mlimani

Tarehe 1 Machi 2010, maporomoko ya ardhi yalikifunika kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, upande wa Uganda wa mlima huohuo, na kuua watu wengi. Mara nyingi, sehemu ya juu ya mteremko unaokaribia kuporomoka huatuka kwanza. Mvua ikijaza ufa wenye kina cha mita 1, maji husukuma kila mita ya urefu wake kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 500. Kina kikifika mita 2, nguvu hiyo hukaribia kilo 2,000. Kompyuta inaweza kukadiria athari ya msukumo huo, lakini sharti ipewe vipimo vya udongo na maji, pamoja na habari za nyufa zilizoonwa na wenyeji.

5. Hitimisho

Kiswahili tayari kina ufa, kupasuka, kuatuka, kumeguka na kuporomoka. Maneno haya si visawe kamili, na mwanaisimu anaweza kuyapambanua ili kila moja litaje hatua yake. Kazi hiyo si pambo la kamusi. Mkulima aliyekuta ardhi imeatuka juu ya shamba lake anahitaji kuelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba ayaelekeze maji kando, auzibe ufa kwa udongo ulioshindiliwa, na ahamishe jamaa zake mapema ufa ukiendelea kupanuka wakati wa masika.