Neno SUMU na Buibui wa Jenasi ya Uloborus

Makusudi ya makala haya ni kueleza habari za buibui mmoja mdogo, na kwa njia ya habari hizo kulipima neno moja la Kiswahili tulitumialo kila siku bila ya kulitafakari, nalo ni neno sumu. Huenda msomaji akastaajabu kuona buibui akiletwa mbele ya wachunguzi wa lugha. Lakini aghalabu mipaka ya neno haionekani mpaka neno lenyewe litakiwe kueleza jambo lisilo la kawaida. Na buibui huyu ni jambo lisilo la kawaida.

Sababu iliyonifanya niandike ni kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kusahihisha tafsiri ya kitabu cha elimu ya viumbe kilichokusudiwa wanafunzi wa sekondari. Mahali pamoja mfasiri aliandika: "Buibui huyu hana sumu." Nikaipitisha sentensi hiyo bila ya kuigusa. Ilikuwa fupi, ilikuwa fasaha, na sarufi yake haikuwa na ila. Sasa naona kwamba sikupasa kuipitisha, maana haisemi kweli. Na upungufu wake hauko katika sarufi, bali katika namna nilivyolielewa neno lenyewe.

Jenasi ya Uloborus ilipewa jina hilo mwaka 1806 na Pierre André Latreille, mtaalamu wa wadudu wa Kifaransa. Imo katika familia ya Uloboridae, yenye spishi zinazokaribia 300. Spishi ijulikanayo sana ni Uloborus plumipes, iliyoelezwa na Hippolyte Lucas mwaka 1846. Hupatikana sehemu nyingi za Afrika na katika nchi za Mediterania, nayo imekwisha kuenea hata Ulaya ya kaskazini, ambako hukaa ndani ya nyumba za vioo za kuoteshea mimea, mahali palipo na joto. Ni buibui mdogo, mwili wake ni wa milimita chache tu, na miguu yake ya mbele ni mirefu yenye vishungi vya manyoya. Ndiyo maana ya neno plumipes katika Kilatini, yaani mwenye miguu ya manyoya. Hutanda utando wa mviringo, ambao aghalabu hulala au huinama kidogo badala ya kusimama wima.

Lakini jina la jenasi lina kichekesho ndani yake. Katika Kigiriki cha kale liko neno ouloboros, lenye maana ya "mwenye kuuma kwa kuangamiza". Kumbe buibui aliyevikwa jina hilo ni katika wale wachache mno, kati ya spishi zaidi ya 50,000 za buibui zilizokwisha kuandikwa, ambao kuuma kwao hakuna sumu. Kwa kawaida buibui huwa na tezi mbili za sumu, na kutoka katika kila tezi hupita mfereji mwembamba mpaka karibu na ncha ya jino, ambapo pana tundu. Buibui akiuma, sumu hupita katika mfereji huo ikaingia mwilini mwa windo. Uloborus hana tezi hizo, wala hana mfereji, wala jino lake halina tundu la kupitishia sumu. Msomaji atakumbuka methali isemayo kwamba jina jema hung'aa gizani. Hapa jina baya limempata asiyestahili.

Basi huyu asiye na silaha ya wenziwe huwindaje? Kwanza kwa utando wake. Buibui wengine wengi watandao utando wa mviringo hupaka nyuzi zao matone ya gundi. Nyuzi za Uloborus ni kavu. Karibu na mahali zinapotokea nyuzi ana kibao kidogo chenye matundu mengi sana, ambacho wataalamu hukiita kribelo, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya chekeche dogo. Katika mguu wa nne ana safu ya nywele ngumu mfano wa chanuo. Kwa chanuo hilo huzichana nyuzi nyembamba mno zitokazo katika chekeche, zikatimka mfano wa sufi; na mdudu akiigusa sufi hiyo, hunaswa bila ya gundi yo yote.

Pili, huwinda kwa kufunga. Mwaka 2006 William Eberhard na wenzake, wakichunguza spishi ya Philoponella vicina, ambayo ni ya familia hiyohiyo, walionyesha jinsi buibui hawa wanavyomzungushia mdudu nyuzi kwa maelfu ya mapigo ya miguu ya nyuma, na kwamba urefu wa uzi utumikao kwa windo moja waweza kufika mamia ya mita. Kila mzunguko huongeza mkazo kidogo. Mikazo hiyo midogo ikijumlishwa, windo hubanwa hata miguu yake ikavunjika, macho yake yakabonyea ndani, na pengine likafa papo hapo. Watafiti hao waliufananisha mfungo huo na sanda, na mfano wao waingia vizuri katika Kiswahili. Tofauti ni kwamba sisi humvika sanda aliyekwisha kufa, na buibui huyu humvika aliye hai.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu, buibui hulitapikia windo lililofungwa maji ya kumeng'enyea chakula. Hulilowesha lote pamoja na sanda yake, kisha hufyonza kile kilichoyeyuka. Kwa muda mrefu maji hayo yalidhaniwa kuwa ni ya kuyeyushia chakula tu. Lakini mwaka 2025 ulichapishwa uchunguzi juu ya Uloborus plumipes, uliofanywa na watafiti wakiwamo wale wa Chuo Kikuu cha Lausanne huko Uswisi. Uchunguzi huo ulithibitisha kwamba tezi za sumu hazipo. Walakini ulionyesha pia kwamba vitu vya namna ya sumu hutengenezwa katika viungo vya kumeng'enyea chakula, na kwamba maji ya viungo hivyo ni sumu kali kwa wadudu. Ndiyo kusema, buibui huyu amepoteza chombo cha kuingizia sumu, lakini sumu yenyewe hakuipoteza.

Sasa na tuirudie ile sentensi, "Buibui huyu hana sumu." Je, ni kweli au si kweli? Tukikusudia sumu ya kuuma, ni kweli. Tukikusudia kitu chenye kuua kikiingia mwilini, si kweli. Kiswahili kinatumia jina moja kwa yote mawili, kama kilivyofanya Kiarabu tulikolitoa neno lenyewe, na kama kifanyavyo Kijerumani. Kiingereza na Kifaransa, kinyume chake, vina majina mawili: moja la sumu ambayo mnyama huiingiza kwa jeraha, na la pili la sumu iliwayo, inywewayo au iguswayo. Mfasiri afasiriye kutoka katika lugha hizo hukuta majina mawili upande mmoja na jina moja upande wa pili, na huko ndiko tofauti inakopotea.

Mtu aweza kusema kwamba huu ni upungufu, na kwamba dawa yake ni kukopa jina jipya au kulibuni. Mimi sioni hivyo. Tofauti inayotafutwa imo katika Kiswahili tangu zamani, lakini makao yake hayako katika jina. Yako katika kitenzi. Mathalani, nyoka huuma, na aliyepatwa husemwa kuwa ameumwa na nyoka. Nyuki huuma na nge huuma, ingawa hawatumii meno, maana kuuma katika lugha yetu ni kutia maumivu kwa kutoboa. Swila huweza kuuma, lakini pia hutema. Na kila mtu ajua kwamba sumu iliyotemwa njia yake ni macho. Muhogo mchungu hauumi wala hautemi: huliwa. Mvuvi wa pwani akikuambia kwamba bunju ana sumu, hakukatazi kumshika, akukataza kumla. Tena asemaye "amekunywa sumu" na asemaye "amelishwa sumu" wamesema mambo mawili mbalimbali, moja la kujitakia na moja la kutendewa, bila ya kulibadili jina hata kidogo.

Hatari basi imo katika kitenzi kisicho na tendo, yaani -na. "Ana sumu" na "hana sumu" ni maneno ya kumiliki tu. Hayaelezi sumu iko kiungo gani, hutoka kwa njia ipi, wala humfikia nani. Katika mazungumzo hakuna udhia, kwa sababu wasemaji huijua desturi ya nyoka na ya bunju, nao hujaza wenyewe lililoachwa. Lakini mwanafunzi asomaye habari za kiumbe asichokijua hana la kujazia. Akiambiwa "hana sumu", ataelewa kwamba hakuna sumu hata kidogo, na hiyo ndiyo maana ya maneno aliyoyasoma.

Natoa mapendekezo matatu. La kwanza, katika vitabu vya elimu ya viumbe tuseme "hana tezi za sumu" au "haumi kwa sumu" pale tunapokusudia hivyo, na "hana sumu" tuliache kwa kiumbe ambacho kwa hakika hakina. La pili, watungaji wa kamusi wasiridhike kulieleza neno sumu peke yake, bali waonyeshe vitenzi linavyofuatana navyo, kama kuuma, kutema, kula, kunywa, kulisha na kutilia, maana humo ndimo maana zake zinamobainika. La tatu, kama jina la Kiswahili linatakiwa kwa buibui hawa, buibui-sanda lingefaa, kwa kuwa lataja jambo walitendalo, na halimsingizii mtu kuuma.

Kama ningerudishiwa karatasi zile leo, ningeiandika sentensi hiyo hivi: "Buibui huyu hana tezi za sumu, naye hamdhuru binadamu, hulifunga windo lake kwa nyuzi, kisha hulitapikia maji yenye sumu." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na haina ule wepesi wake. Lakini kila kitenzi kilichomo kina kazi yake, na mwanafunzi ataondoka na jambo lenyewe jinsi lilivyo.